Kuikagua ardhi kabla haijawa bustani ya umma: mwongozo kwa watu wa Tanga

Bustani nyingi za umma huanzia kwenye mchoro. Mtu anakaa ofisini, anachora njia, mabenchi, bembea za watoto na sanamu katikati, halafu ndiyo gari linapelekwa kuangalia kiwanja. Hapo inagundulika kwamba palipochorwa bembea ni dimbwi kila Aprili, na palipochorwa safu ya miembe kuna mwamba wa matumbawe chini ya shubiri moja ya udongo. Fedha imeshapitishwa, mkandarasi yuko kazini, kwa hiyo mwamba unavunjwa na dimbwi linajazwa kifusi. Masika mawili baadaye dimbwi limerudi na miembe imekauka.

Mwongozo huu unaanzia upande wa pili: kiwanja kwanza, mchoro baadaye. Unawafaa kamati ya mtaa, ofisa wa halmashauri, mwanafunzi wa mipango miji, na yeyote aliyeambiwa "kuna eneo la wazi pale, tulifanyie kitu". Mfano nitakaoutumia ni eneo la ekari 4 upande wa Sahare, kati ya nyumba na ufuko. Ukiwa Pongwe, Kange au Duga hatua ni zilezile. Kinachobadilika ni uzito wa kila moja.

Panga misimu kabla ya vifaa

Kiwanja kimoja cha Tanga ni viwanja vitatu kwa mwaka. Kuna cha kaskazi, Januari na Februari, ardhi imekauka na kupasuka. Kuna cha masika, kuanzia Machi hadi Mei, na cha kusi katikati ya mwaka, upepo unapotoka baharini na chumvi yake. Atakayekagua Februari peke yake ataandika "ardhi kavu, tambarare, haina tatizo", na hatakuwa amesema uongo.

Kwa hiyo gawa kazi. Kiangazi pima miinuko, chimba, chukua udongo. Masika rudi na viatu vya mpira ufuate maji. Julai rudi mara moja uangalie upepo na majani ya miti. Vuli, Oktoba hadi Desemba, inafaa kuhakiki ulichoandika. Ukibanwa na muda ukapewa msimu mmoja tu, chagua masika. Mengine yote yanaweza kukisiwa kwa kuuliza na kuangalia dalili, lakini njia ya maji lazima uione kwa macho yako.

Vifaa si vingi: tepu ya mita 50, mpira mwangavu wa mita 20 au 30, nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita moja na nusu, nyundo nzito, sururu na koleo, ndoo ya plastiki, chupa tupu za maji, ndimu, kamba, vigingi, rangi, na simu yenye GPS. Simu itakuweka ndani ya mita tatu hadi tano za ukweli, ambayo inatosha kuonyesha ulipo mti lakini haitoshi kuamua mpaka wa jirani.

Karatasi: fupi, lakini isirukwe

Nenda ofisi ya ardhi ya jiji uangalie mchoro wa mipango miji unakiita nini kiwanja hicho. Kama kimepimwa, pata namba za mawe ya mipaka, kisha uyatafute mawe yenyewe kwenye nyasi. Ramani ya 1:50,000 itakuonyesha mito na sura ya eneo zima, lakini kwa ekari chache haikuambii kitu kuhusu mteremko.

Jambo moja la kisheria linagusa moja kwa moja maeneo kama Sahare na Raskazone. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari na kingo za mito. Pima mita hizo kwa tepu, pigilia vigingi, uone kinachobaki. Kwa bustani hii si hasara kubwa kama watu wanavyodhani: ukanda huo unaweza kubaki mchanga, nyasi na miti iliyopo, na vyoo na kibanda vikarudi nyuma. Kukiwa na mikoko, ujue iko chini ya usimamizi wa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Usiiguse wala usiahidi mtu kwamba "itapunguzwa kidogo ili bahari ionekane".

Maji

Hapa ndipo penye kazi. Ningekuwa na siku kumi za ukaguzi, nne ningezitoa kwa maji.

Anza na hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari 4 ni kama mita za mraba 16,200. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika ya Tanga si ajabu, inamwaga lita zipatazo 810,000 ndani ya mipaka yako, yaani zaidi ya matanki 160 ya lita 5,000. Na hayo ni ya kwako tu. Ongeza yanayotoka kwenye mapaa ya mabati na barabara ya juu.

Kisha tafuta mteremko. Mafundi ujenzi wana njia yao ya mpira wa levo na ni sahihi kuliko simu yoyote. Jaza maji kwenye mpira mwangavu hadi mapovu yote yatoke. Mmoja ashike ncha moja kwenye kigingi cha juu, mwingine aende na ncha ya pili kwenye kigingi cha chini, msubiri maji yatulie. Kila mmoja apime kutoka usawa wa maji hadi ardhini. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo tofauti ya kimo. Kama vigingi vimeachana mita 20 na tofauti ni sentimita 30, mteremko ni asilimia 1.5. Fanya hivyo kwa mistari inayokatana, kila mita 20, uandike namba kwenye karatasi ya miraba. Uwanja wa mpira wa watoto unataka asilimia 1 hadi 2 ili maji yasisimame. Njia ya kiti cha magurudumu isizidi asilimia 5. Chini ya asilimia 1 kwenye udongo mzito, tarajia tope.

Masika ikifika, nenda mvua ikiwa inanyesha, si baada yake. Simama kwenye mpaka wa juu uone maji yanaingilia wapi, kisha uyafuate hadi yanapotokea. Weka kigingi cha rangi kila yanapogeuka na kila yanaposimama. Rudi baada ya saa 24, tena baada ya saa 72. Dimbwi lililokauka ndani ya siku moja si tatizo. Lililobaki siku tatu linaweza kudhuru mizizi ya miti mingi, na likibaki wiki nzima litakuwa zalio la mbu. Hilo la wiki usilijaze kifusi. Limechagua mahali pake, na ukiliziba litahamia kwa jirani. Liandike kama eneo la matete na ndege, au bwawa la msimu.

Sasa jambo ambalo wapangaji wanaotoka bara hulisahau. Bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na bamvua kubwa kabisa za mwaka huja karibu na Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba. Ya kwanza inakutana na masika. Mfereji unaotoa maji ya mtaa baharini unaweza kuonekana mzuri kabisa maji yakiwa yamepwa. Nenda siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu, saa ya maji kujaa, utazame mdomo wa mfereji huo. Ukikuta maji ya bahari yameingia ndani ya mfereji, maana yake mvua ikipiga saa hiyo hayana pa kwenda, na yatarudi bustanini. Chora alama ya rangi kwenye ukuta wa mfereji mahali yalipofika, andika tarehe na saa. Alama hiyo moja ina thamani kuliko kurasa kumi za maelezo, na wavuvi wa pale watakuambia kama wameshawahi kuyaona juu zaidi.

Ukikuta kisima karibu na ufuko, pima kina cha maji yake wakati wa kujaa na wakati wa kupwa. Yakipanda na kushuka pamoja na bahari, usipange kumwagilia kwa kisima hicho kabla ya kupima chumvi. Vipimo vidogo vya chumvi husoma kwa mikrosimensi kwa sentimita: chini ya 700 hakuna wasiwasi, kati ya hapo na 3,000 chagua mimea inayovumilia, zaidi ya 3,000 achana nacho.

Mwamba ulio chini

Ufuko wa Tanga umekaa juu ya matumbawe ya kale yaliyoinuka. Kingo zake zinaonekana wazi ukishuka Raskazone. Ukienda ndani, Amboni na Pongwe, unakuta mawe ya chokaa ya enzi ya Jurasi, yaleyale yaliyotobolewa na maji yakawa mapango ya Amboni na yanayochimbwa kwa saruji. Miamba yote hii miwili ni ya chokaa, na chokaa huyeyuka polepole kwenye maji. Ndiyo maana unaweza kukuta shimo lisilo na chanzo, au kijito kinachopotea ardhini.

Kazi ya nondo ni hii. Gawa kiwanja kwa miraba ya mita 20, na kwenye kila kona pigilia nondo hadi igome. Andika kina. Sauti nayo inasema: mwamba mgumu unarudisha mlio mkali na nyundo inaruka mkononi, kifusi kinakwaruza, udongo wa mfinyanzi unashika nondo hata kuitoa ni kazi. Nondo ikizama ghafla baada ya kugonga jiwe, simama, weka alama. Huenda kuna uwazi chini, na hapo usiweke jengo wala tanki kabla mtaalamu wa miamba hajaja.

Matokeo yagawe makundi matatu. Chini ya sentimita 30: nyasi, maua, njia, mabenchi. Kati ya 30 na 80: vichaka na miti midogo. Zaidi ya 80: hapo ndipo pa miti ya kivuli, na hapo pasichukuliwe na maegesho ya magari. Hii ya mwisho naisisitiza kwa sababu udongo wenye kina huwa pia ndio ulio tambarare, na kila anayechora maegesho hutafuta tambarare.

Udongo wenyewe

Chimba mashimo manne au matano ya kina cha nusu mita, moja katika kila sehemu inayoonekana tofauti kwa rangi au kwa majani. Angalia ukuta wa shimo: rangi inabadilika wapi, mizizi inaishia wapi, kuna vipande vya plastiki au chupa? Madoa ya kijivu na kutu yanamaanisha maji hukaa hapo sehemu ya mwaka, hata kama leo ni vumbi.

Chukua konzi ya udongo, ulowanishe, uukande kama unga wa chapati, kisha uusukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Usiposhikana kabisa, ni mchanga. Ukikatika kabla ya sentimita mbili na nusu, ni tifutifu. Ukipita sentimita tano bila kukatika, ni mfinyanzi. Kwa uhakika zaidi tia udongo theluthi moja ya chupa, ongeza maji na sabuni ya unga kidogo, tikisa sana, uweke mezani. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, tope laini kwa saa kadhaa, mfinyanzi siku nzima au zaidi. Pima unene wa kila tabaka.

Kupima unywaji wa maji: chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena, kisha pima yameshuka kiasi gani kwa saa. Chini ya sentimita moja, usitegemee ardhi kumeza mvua. Sentimita mbili hadi kumi ni nzuri. Yakipotea mara moja, una mchanga au ufa wa mwamba, na mbolea yako itapotea kwa njia hiyohiyo.

Kamulia ndimu kwenye donge kavu. Likitoa povu, kuna chokaa ya kutosha kuwanyima baadhi ya miti madini ya chuma. Majani yake hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Mkwaju, mwarobaini, mkungu, mbuyu na mvinje haijali sana. Lakini mwarobaini una tabia ya kujipanda wenyewe na kusonga mimea ya asili ya pwani, kwa hiyo sishauri uwe jibu la kila kitu, ingawa bei ya mche wake inashawishi.

Kwa maabara, Tanga ina bahati: kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI Mlingano, wilayani Muheza, ndicho chenye kazi ya utafiti wa udongo. Chukua sampuli ndogo 10 hadi 15 kwa kutembea zigizaga ndani ya sehemu moja, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, toa kama nusu kilo, kausha kivulini, andika lebo kwa penseli. Usichanganye udongo wa bondeni na wa mlimani ukadhani umepata wastani. Umepata udongo usiokuwepo popote. Omba uchachu, chumvi, kaboni, nitrojeni, fosforasi na potasiamu. Kama pamewahi kuwa gereji au dampo, omba na madini mazito, hasa risasi, kwa ajili ya watoto watakaocheza mchangani.

Upepo, chumvi na jua

Miti iliyopo imeshaandika taarifa. Ukikuta mivinje imeinamia kaskazini-magharibi na matawi ya upande wa bahari yamebaki vijiti, hiyo ni kusi. Ukikuta ncha za majani zimeungua upande mmoja tu, ni chumvi ya hewani. Zikiungua pande zote, shuku chumvi ya ardhini, na tafuta ukoko mweupe juu ya udongo mwezi wa Februari. Panga ukanda wa mbele wa mimea inayostahimili, yenye kupitisha upepo kiasi. Ukuta mzima hausaidii: upepo unauruka na kuanguka nyuma yake kwa nguvu zaidi.

Kuhusu jua, Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba. Linalowaudhi watu hata hivyo ni la saa nane hadi saa kumi na moja, kutoka magharibi. Benchi linataka mti upande wake wa magharibi. Nenda saa tisa alasiri, uzungushie chokaa mipaka ya kila kivuli kilichopo. Utagundua pia watu wa mtaa wameshachagua mahali pao pa bao na kahawa. Hapo pamepimwa miaka mingi.

Miti iliyopo

Upe kila mti wenye shina kubwa namba, na usiruhusu mtu kuleta shoka kabla orodha haijakamilika. Zungusha kamba kwenye shina kimo cha mita 1.3, gawa kwa 3.14, upate kipenyo. Mwembe wenye mzingo wa sentimita 250 una kipenyo cha sentimita 80. Zidisha kwa 12: mita 9.6 kutoka kwenye shina pande zote ni eneo la mizizi ambalo halichimbwi, halipitishi lori, wala halimwagiwi udongo. Huo wa kumwaga udongo ndio ugonjwa wetu. Fundi anasawazisha kiwanja, anafunika shina nusu mita, mti unaendelea kuwa kijani mwaka mmoja au miwili, halafu unaanza kukauka kuanzia juu na watu wanasema umezeeka.

Chunguza afya: uyoga kwenye kitako cha shina, njia za mchwa, nyufa pale matawi mawili makubwa yanapoachana, mlio wa debe tupu ukigonga kwa kipande cha mbao. Angalia pia miche inayojiotea. Mkindu unapoota wenyewe pana unyevu wa kudumu, vivyo hivyo matete.

Wanyama, kwa ufupi

Nenda alfajiri na jioni, kaa kimya. Popo wa matunda kwenye mbuyu si kero. Maua ya mbuyu hufunguka usiku na wao ndio huyachavusha. Kama kuna komba, taa nyingi zitawafukuza. Kunguru wengi maana yake kuna takataka wazi karibu, nalo ni jambo la kumaliza kabla ya kufungua bustani. Mashimo ya nyoka yaonyeshe kwenye ramani bila kuyafanyia vita.

Alama za watu

Hali ya asili ya ardhi ya mjini ni pamoja na kilichofukiwa humo. Kange, Pongwe na Amboni zina ardhi iliyokuwa mkonge, zao lililoingia mkoani 1893, na mifereji ya zamani ya mashamba bado inaongoza maji bila mtu kuiona. Uliza wazee: palikuwa nini hapa, maji yaliwahi kufika wapi, kuna makaburi, kuna mzimu au mahali pa tambiko? Swali la makaburi liulizwe kwa adabu na mapema, ukiwa na mwenyekiti wa mtaa. "Shikamoo mzee, tunaomba utuonyeshe pasipoguswa" linafungua milango kuliko barua. Ukichimba ukapata vigae vingi vya vyungu na kauri, au msingi wa mawe ya matumbawe, acha kuchimba na utoe taarifa kwa wahusika wa mambo ya kale. Magofu ya Tongoni yako kusini tu ya mji, na walioishi huko hawakuishi peke yao kwenye pwani hii.

Fuata na njia za miguu. Njia inayokatiza kiwanja kwenda kisimani au msikitini itaendelea kutumika hata ukijenga ua.

Kuviweka pamoja

Chora ramani moja ya msingi, kisha kila somo kwenye karatasi yake nyembamba ya kupitisha mwanga: maji, kina cha mwamba, udongo, chumvi na upepo, miti, watu. Zipandanishe dirishani. Sehemu zitajitokeza zenyewe, na mimi huzipa rangi tatu. Nyekundu haiguswi: mita 60 za ufuko, dimbwi la wiki, mizizi ya miti mikubwa, makaburi. Njano inatumika kwa masharti. Kijani inabeba vyoo, kibanda, uwanja na maegesho. Kwenye ekari zetu 4 za Sahare usishangae kijani ikibaki ekari moja na robo. Inatosha bustani nzuri, mradi anayechora aambiwe mapema.

Ripoti isizidi kurasa 15. Weka ramani mbele, maelezo nyuma, picha zenye tarehe na saa ya maji, matokeo ya maabara, na orodha ya miti kwa namba. Nakala moja ipelekwe kwa mhandisi wa jiji, moja kwa NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kama mradi utahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, moja ibaki ofisi ya mtaa ambako mtu yeyote anaweza kuifungua. Vigingi vya maji viache ardhini, na mwenyekiti wa mtaa ajue viko vingapi na viko wapi, kwa sababu mkandarasi atakuja na vyake.